Kanali Aliyenyang'anywa Maneno

Temeke, Dar es Salaam.

Kwa Bwana Msimamizi wa Gari la Sinema.

Bwana Mheshimiwa,

Salamu nyingi zikufikie ulipo, wewe na dereva na fundi wa mashine na kila aliye chini ya kivuli chako. Mimi ni Sadallah bin Bakari, fundi cherehani, mkazi wa Temeke, na baraza yangu ya kushonea haina haja ya kuelezwa, maana hata watu wa Mtoni huleta kaniki zao. Sijawahi kuiandikia Serikali isipokuwa mara moja, kuhusu mbuzi wa jirani, na sikujibiwa. Sikukasirika. Mbuzi ni jambo dogo. Hili la leo si dogo, maana kwa sababu yake mke wangu Somoe yuko Msasani kwa baba yake, na mimi nakula mkate mkavu kwa chai ya rangi kama mwanafunzi wa chuo cha mbali.

Naandika kuhusu ile picha ya vita mliyotuonyesha hapa baada ya Ramadhani, picha ya Kanali wa Kiingereza anayelinda ngome jangwani. Usije ukadhani kwamba anayelalamika ni mtu mwenye chuki na sinema. Picha ile naipenda. Nimeiona Temeke, nikaifuata Kinondoni kwa miguu, nikaiona tena Ilala nikiwa nimebanwa nyuma ya kitambaa, upande ambao Kanali hupiga saluti kwa mkono wa kushoto. Hata kwa mkono wa kushoto ilikuwa saluti nzuri.

Picha nyingi za vita, Bwana, ni kelele tu. Mizinga, moshi, farasi, watu wanaanguka, na ukirudi nyumbani huna la kumsimulia mtu ila kupiga meza. Hii ni nyingine kabisa. Humu vita vinapiganwa kwa mdomo. Watu wawili wanakaa mezani, taa moja katikati, na wanazungumza. Wanavuta sigara wanazungumza. Wanatazama ramani wanazungumza. Bunduki zinalia kidogo mwishoni, kwa adabu, ili tusiseme tumedanganywa. Nimepata kuwasikia wengine wakinung'unika kwamba vita gani hivi vya kukaa vitini. Hao ni watu wa kupenda fujo, na mimi siwashonei.

Na mavazi. Hapa nasema kama fundi. Koti la Kanali lina mifuko minne, ukosi umesimama bila kumkaba shingo, na suruali ina mkunjo wa pasi ambao ungeweza kumenya muhogo. Bomu linaanguka, vumbi linajaa chumba, Kanali anapangusa bega lake kwa vidole viwili, na mkunjo uko pale pale. Tangu picha ile ije, nimeshona makoti ya Kanali mpaka kaki ikaadimika madukani, na bwana harusi mmoja alifungishwa ndoa akiwa ndani ya moja, akakataa kulivua hata wakati wa kula pilau.

Lakini mavazi ni ganda. Kiini cha picha ni maneno, na maneno yale sisi tuliyapata kwa Bwana Shomari, mfasiri wenu, yule mwenye kukaa pembeni ya gari na kipaza sauti mkononi, akitueleza kwa Kiswahili kila linalosemwa kwa Kiingereza. Na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza. Nimeyapa namba ili yasipigane.

1. Bwana Shomari ameondolewa bila wananchi kuulizwa. Tumesikia amehamishiwa Mahenge. Sina neno juu ya Mahenge, lakini Mahenge walikuwa hawajamwomba. Mahali pake mmemweka Bwana Apolinari, kijana aliyesoma misheni huko Bara, mpole, msafi, suruali yake imekatwa vizuri sana na nimemwuliza nani fundi wake. Kwa hiyo ieleweke kuwa sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na kinywa chake.

2. Bwana Apolinari anampunguzia Kanali maneno. Nitatoa ushahidi. Katika picha, Jenerali wa adui anakuja ngomeni na bendera nyeupe kudai apewe ngome. Bwana Shomari alitufasiria hivi, na Temeke nzima tumeyashika kwa moyo. Jenerali anasema: "Salaam, Kanali. Umeamkaje, na watoto hawajambo? Sikuja kwa ubaya. Ukubwa ni jalala, na taka zote hutupwa kwangu. Leo wakubwa zangu wamenituma ngome yako, na mjumbe hauawi." Naye Kanali anajibu: "Karibu, Jenerali, hodi yako tumeisikia. Ngome hii si yangu, ni amana, na amana haigawiwi kama kahawa ya barazani. Lakini mgeni hafukuzwi mlangoni. Keti kwanza, unywe chai. Ugomvi haukimbii." Hapo watu wazima walisema "Naam" kana kwamba wako kwenye posa.

Sasa sikiliza alivyofasiri Bwana Apolinari, pahali pale pale, watu wale wale, meza ile ile. Jenerali: "Nataka ngome." Kanali: "Hapana." Jenerali: "Basi saa sita." Kanali: "Saa sita." Kwisha. Chai ilikuwapo mezani, Bwana, niliiona kwa macho yangu na moshi ukifuka, na hakuna aliyekaribishwa.

3. Kanali anamuaga mke wake stesheni. Mke amevaa kofia yenye wavu, na kwa maoni yangu ule wavu ni kazi ya mkono. Katika fasiri ya Bwana Shomari, Kanali anamwambia: "Mke wangu, taa ya chumba changu, naondoka lakini moyo nauacha kwako, uutunze kama unavyoutunza ufunguo wa kabati. Nitakuandikia kwa wino, na wino ukiisha nitaandika kwa machozi." Wanawake wa Temeke walilia hadi watoto wakaogopa. Bibi Hamisa anayeuza vitumbua hakukaanga kitu kesho yake, alisema mkono hauna nguvu.

Bwana Apolinari je? Mke anauliza, "Utaandika?" Kanali anajibu, "Nikipata karatasi." Treni ikaondoka. Nauliza kwa heshima zote: jeshi la Uingereza, lenye manowari na ndege, linakosa karatasi? Huoni kwamba kijana huyu anaiaibisha Serikali yenyewe?

4. Hili ndilo lililoniumiza kupita yote. Ni alfajiri ya siku ya vita. Askari mmoja kijana anamwuliza Kanali kama watakufa. Kwa Bwana Shomari, Kanali alimshika bega akamwambia kuwa kila nafsi itaonja mauti, lakini mtu haoni siku yake ilipoandikwa, basi asimame imara na asimwache mwenzake, maana umoja ni nguvu. Alisema mengi, na hata Kanali alipokwisha toka nje ya mlango, maneno yake yalikuwa bado yanaendelea. Sheikh wetu aliposikia yale alisema Kanali huyu hakosi kuwa na bibi wa Kilwa.

Kwa Bwana Apolinari, kijana wa watu anauliza, "Tutakufa?" Kanali anamtazama. Kimya. Kimya kirefu, mpaka ikawa inasikika mashine ya gari lenu. Kisha anasema, "Funga kamba za viatu vyako." Mtu anaulizwa habari za mauti, yeye anajibu habari za viatu. Hata mimi, ambaye nguo ni kazi yangu, nisingejibu hivyo.

5. Nimeambiwa na Mwalimu Adelard, anayefundisha hapa Temeke na anayejua Kiingereza, kwamba eti Bwana Apolinari anafasiri yaliyosemwa kama yalivyosemwa, na kwamba Bwana Shomari alikuwa akiongeza yake. Namheshimu Mwalimu, ninamshonea kanzu za sikukuu ingawa yeye ni Mkristo na kuzivaa huzivaa nyumbani tu. Lakini katika hili amepotoka. Kiingereza, Bwana, ni kama papa mkavu. Ukikitazama ni kidogo na kigumu, lakini ukikiroweka kinavimba hadi kinajaza sufuria. Bwana Shomari alikuwa anakiroweka. Bwana Apolinari anatupa kikavu, kisha anashangaa tunapokiacha sahanini. Tena Kanali ana uso wa mtu mwenye mengi. Huwezi kuvaa ukosi kama ule ukawa huna la kusema.

6. Sasa nafika kwenye hasara yangu mwenyewe, na naomba unisome taratibu.

Mtu akisikia maneno mazuri hayaachi barazani, huingia nayo ndani. Baada ya picha ile nilianza kuzungumza nyumbani kama Kanali. Somoe akiniuliza tupike nini, namwambia, "Keti kwanza, mke wangu, ugomvi haukimbii." Akiomba fedha ya mafuta ya taa, namweleza kwamba fedha ni amana. Nilidhani anafurahi. Alikuwa ananitazama sana, na mimi nilikuwa nachukulia kutazamwa kuwa ni kupendwa. Siku moja akaja kuniambia mama yake, Bi Mwamvita, ameshikwa na homa huko Msasani, naye anataka ruhusa aende. Nilikuwa tayari kumruhusu. Lakini ruhusa haitolewi hivi hivi, nikaanza na habari ya amana, nikapita kwenye ukubwa ni jalala, na nilipofika kwenye safari yenyewe, basi la Msasani lilikuwa limekwisha ondoka. Somoe alijitanda kanga yake akaenda kwa miguu. Toka Temeke hadi Msasani, Bwana, kwa miguu. Bi Mwamvita alipona upesi, alhamdulillahi. Mke wangu hakurudi.

Nilichukua wazee wawili tukaenda kumfuata. Baba yake, Mzee Marijani, ni mtu mgumu kuzungumza naye. Alikuwako katika vita vya Mjerumani, na habari za vita vile hajazifungulia mdomo hata mara moja, si kwa mkewe, si kwa bintiye. Ukimwuliza anaomba tumbaku. Nilikaa mkekani mbele yake na nilikuwa naogopa. Basi nikaazima maneno ya Kanali. Nikaanza, "Baba, shikamoo, sikuja kwa ubaya. Ukubwa ni jalala," nikaendelea hivyo hadi mwisho, bila kukwama, na pale penye chai nikaweka kahawa. Wazee wangu walitikisa vichwa. Bi Mwamvita akatoa halua, na kwa Bi Mwamvita halua haitoki kwa kila mtu. Nikaona mambo yamekwisha.

Mzee Marijani akauliza maneno yale ni ya nani. Nikamwambia kwa fahari kwamba ni ya Kanali wa Kiingereza, mtu wa vita kama yeye, yamo katika picha ya Serikali. Aligeuza kikombe chake, kisha akasema, "Gari la sinema linakuja hapa Alhamisi. Nitamsikiliza huyo mtu wako. Ikiwa hivyo ndivyo watu wasemavyo vitani, utaondoka na mkeo usiku huo huo."

Mapatano gani mepesi kuliko hayo? Nilitoka nikicheka. Nilijishonea koti la Kanali, la kwangu mwenyewe, lenye mifuko minne, nikapiga wanga ukosi. Niliwaambia watu wa Temeke, na waliobaki waliambiwa na wale niliowaambia. Alhamisi nikafika Msasani mapema nikakuta kitambaa kinafungwa kwenye minazi. Mzee Marijani akaja na kiti chake, akakaa mbele kabisa. Somoe alikuwa na mama yake upande wa wanawake. Nilimpungia mkono. Hakunipungia, lakini alilitazama koti.

Taa ikawaka, Kanali akatokea, nikasikia sauti ambayo si ya Bwana Shomari. Nikajipa moyo kwamba pengine ana mafua. Ndipo Jenerali aliposema, "Nataka ngome," na Kanali akasema, "Hapana," na watoto wote wa Msasani wakacheka. Jasho likaanza kunitoka ndani ya lile koti. Kwenye "Nikipata karatasi" nilikuwa sitaki kumwangalia mtu. Na Kanali aliposema habari za kamba za viatu, Mzee Marijani alisimama. Alinyanyua kiti chake, akapita nacho katikati ya mwanga, kivuli chake na miguu minne ya kiti kikampitia Kanali usoni, akaenda zake. Hakunitazama. Bi Mwamvita akamfuata, na Somoe akawafuata wote wawili.

Nimerudi Temeke peke yangu. Sasa watoto wa mtaani wakipita barazani mmoja husema "Nataka ngome" na mwenziwe hujibu "Hapana," na wanakwenda zao wamefurahi. Kurudi Msasani siwezi. Nirudi na maneno gani? Niliyokuwa nayo yamenyang'anywa mbele ya kadamnasi, na gari la Serikali ndilo lililoyanyang'anya. Nampenda mke wangu, Bwana. Nimeona niliseme hapa kwa kuwa hakuna pahali pengine pa kulisema kwa sasa.

7. Nikitazama kwa makini, naona ugonjwa huu wa Bwana Apolinari umeenea Serikalini. Bango la kule Boma linasema: "Ni marufuku kukaa hapa." Karatasi ya kodi inasema: "Lipa." Hivi ndivyo mtu mzima anavyomwambia mtu mzima mwenzake? Bwana Shomari angeandika: "Ndugu yetu, tunajua jua ni kali na kivuli hiki ni kizuri, lakini leo tuna wageni, tafadhali sogea kwenye kile kingine." Watu wangeondoka wakishukuru. Na kodi angeiomba kwa namna ambayo mtu angeilipa kisha akauliza kama inatosha. Tena nasema zaidi: kama wale wakubwa wa Ulaya wangezungumza kwa fasiri ya Bwana Shomari, pasingekuwa na vita vya kwanza wala vya pili. Wangeanza kuulizana habari za watoto, na kabla hawajafika kwenye ugomvi kila mmoja angekuwa amekumbuka kazi aliyoiacha nyumbani.

Kwa hiyo basi, maombi yangu ni haya, na sidhani kama yanazidi uwezo wa Serikali yenye gari.

Kwanza, Bwana Shomari arudishwe kutoka Mahenge kwa lori la kwanza, akae mbele na dereva, asirundikwe nyuma na magunia ya mpunga, maana vumbi litamwua sauti.

Pili, Bwana Apolinari asifukuzwe. Apewe zile picha zenu za afya, ya mbu na ya kuchimba choo. Mbu hana mazungumzo, na choo vilevile. Humo hatamdhuru mtu.

Tatu, picha irudiwe Msasani kwa fasiri ya haki, na atumwe tarishi mwenye adabu kumwalika Mzee Marijani pamoja na kiti chake. Mlango wa kwake ni ule wenye kizingiti kilichobonyea.

Nne, ikiwa bado kutakuwa na ubishi, Serikali iandike London ili Kanali aje mwenyewe, asimame mbele ya Liwali, ale yamini kwamba maneno aliyoyasema ni yale aliyoyasema Bwana Shomari. Kuhusu malazi msisumbuke. Atalala kitandani kwangu na mimi nitalala mkekani, nami nitapata nafasi ya kumpima mabega.

Tano, kama Kanali atafika hapa akakana maneno hayo, basi mwenye kosa ni Kanali. Akae nasi Temeke mpaka ayajue kwa moyo, kisha picha ipigwe upya. Mchanga wa jangwa upo tele pale Msasani, ngome tutaijenga kwa makuti na chokaa, na mavazi niachieni mimi. Jenerali anaweza kuwa Mwalimu Adelard, akitaka kusamehewa.

Sita, wakati hayo yote yanangojewa, nipewe cheti chenye mhuri kinachosema kwamba Sadallah bin Bakari, siku ile alipokaa mkekani mbele ya mkwewe, alisema maneno halali ya Kanali kama yalivyokuwa yakitumika kwa wakati ule. Mhuri uwe mkubwa. Mzee Marijani haoni vizuri vitu vidogo.

Sina zaidi, ila niko hapa barazani kwangu nikingoja jawabu, na mguu wangu uko kwenye cherehani lakini sikio liko njiani. Nisalimie nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo. Msalimie dereva na umwambie breki za gari zinapiga kelele, zilimkata Kanali kauli Kinondoni. Msalimie fundi wa mashine. Msalimie na Bwana Apolinari mwenyewe, hatujakosana, na suruali yake narudia kuisifu.

Ni mimi mtiifu na mwenye kudhulumiwa,

Sadallah bin Bakari,
Fundi Cherehani.

Nyongeza. Bwana, tafadhali usiifanyie kazi barua hii. Nilikuwa nimekwisha kuifunga, nikaifungua tena. Naituma hivyo hivyo kwa kuwa stempu nimeibandika na haibanduki.

Leo asubuhi Mzee Marijani amekuja Temeke. Somoe alikuwa nyuma yake na furushi la nguo kichwani. Nilisimama na futi yangu shingoni nikijua amekuja kudai talaka, na furushi nilidhani ni nguo zangu zinarudishwa. Mzee akaketi barazani, akakataa maji, akaanza kuzungumza bila kuulizwa. Sijawahi kumwona hivyo.

Alisema katika vita vile yeye na kaka yake, Mwinjuma, walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi huko kusini, ng'ambo ya Rufiji. Kaka yake hakurudi. Alipofika nyumbani peke yake, watu wa Msasani walimwuliza Mwinjuma alisema nini mwisho, ameacha wasia gani. Mama yao alimwuliza mpaka na yeye akafa. Hakumjibu mtu. Wakadhani hakulisikia neno lenyewe.

"Nililisikia," aliniambia. "Alisema, 'Marijani, umelisahau sufuria.' Nikarudi kulichukua. Nilipofika nalo nikamkuta amekwisha. Sasa neno kama lile, mwanangu, nimpelekee mama? Anangoja wasia, nimpelekee sufuria?"

Aliposikia Kanali anamjibu yule kijana habari za kamba za viatu, alijua kwamba aliyeitunga picha ile alikuwako vitani, au alikaa karibu na mtu aliyekuwako. Asingeweza kuendelea kukaa. Alikwenda nyumbani akawaita Bi Mwamvita na Somoe, akawaambia neno la Mwinjuma kama lilivyokuwa, kwa mara ya kwanza. Walilia, kisha wakapika wakala. Mimi nilikuwa njiani kurudi Temeke, najionea huruma.

Kwa hiyo Bwana Apolinari asiguswe. Mzee anauliza gari litarudi lini Msasani, na anaomba aletwe kijana yule yule, asiletewe mtu wa kumwongezea Kanali maneno. Bwana Shomari anaweza kubaki Mahenge, watu wa Mahenge nao wana haki ya kufurahi. Kanali asisumbuliwe kupanda meli. Na cheti sikihitaji.

Nilimwuliza Mzee kuhusu ile ahadi yake ya Alhamisi. Akasema yeye hakumtuma binti yake wala hakumzuia, nguo zake kazifunga mwenyewe.

Na mimi, sikufichi, tangu Ijumaa nilikuwa nimetunga maneno ya kumpokea Somoe, marefu kuliko yale ya stesheni, na mazuri. Alinipita mlangoni, akatua furushi, akachungulia jikoni, akageuka akaniuliza, "Mkaa upo?" Nikamjibu, "Upo."